Lusia Anakuja, Lakini Si Yule wa Katekista

Machimboni, Geita
Jumapili mchana

Kwa dada yangu Veronika, Mama Yosefu, Ushirombo.

Shikamoo Dada, na shikamoo nyingine umpelekee Mama hapo alipokaa. Hamjambo wote? Mguu wa Mama unaendeleaje, au bado anaikataa dawa ya masista na kusema mafuta ya nyonyo yanamtosha? Karanga zimetoka salama au panya wamezimaliza ardhini kama mwaka ule? Shemeji ameacha kukoroma, au bado watoto wanahamia jikoni? Nauliza nikijua majibu yatachelewa, lakini nikiuliza najiona nimekaa jikoni kwako nachambua mchicha, na wewe unanigombeza kwamba naacha vikonyo.

Sisi huku ni wazima wa kusemwa wazima. Petro ameanza kuota meno na ananiuma kama panya. Baba yake, Klementi, anakohoa asubuhi, vumbi la mawe, kisha jua likitoka anatulia. Mimi sina ugonjwa wa kutaja.

Sasa tafuta kigoda ukae. Ukiipata barua hii, Lusia yuko njiani anakuja kwako. Ameondoka leo asubuhi na Mzee Salumu, mchuuzi wa kaniki na chumvi anayetoka Ngokolo, Shinyanga, pamoja na mkewe Bi Zena na punda wao. Watapitia Katoro wauze kidogo, ndipo washike njia ya Ushirombo. Barua nitampa mtu wa baiskeli anayepeleka vifurushi misheni, kwa hiyo itawapita njiani na kukufikia kwanza. Nafanya hivyo makusudi. Nakuomba umlee mtoto wangu, Dada, si kwa sikukuu moja, umlee mpaka sisi tutakapoachiwa huku, na lini tutaachiwa sijui. Lakini kabla hujakubali lazima ujue jambo, kwa sababu mtoto mnayemngojea ninyi siye anayekuja.

Nianze na Katekista Gabrieli, maana yeye ndiye aliyewaletea habari za huyo mnayemngojea. Alipokuja msimu uliopita kusalisha watu wa kambi, alipita kwetu kutuaga. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Klementi alikuwa ametoka kazini, amekaa mlangoni anajifuta vumbi masikioni. Katekista akakohoa huko nje, kama wakohoavyo wakubwa wanapotaka ijulikane wamefika, kisha akaita kwa sauti nene, "Hodi wenye nyumba."

Lusia alikuwa anacheza na magunzi karibu na jiko. Akayaacha, akasimama wima. Akainua mikono yote miwili juu, akarudisha kichwa nyuma, akafungua kinywa, akainua ulimi. Akabaki hivyo, macho amefumba, hatikisiki.

Katekista alivua kofia. Akafanya ishara ya msalaba.

"Mama Lusia," akaniambia polepole, "nani amemfundisha mtoto huyu?"

"Hakuna aliyemfundisha, Baba. Anaona mwenyewe."

"Anaona mwenyewe," akarudia, na macho yake yakajaa maji.

Kumbe yeye alikuwa ameona mikono ya padre altareni na kinywa cha mtu anayengoja kupokea Komunyo. Na utamlaumu vipi? Mtu aliyezeeka kanisani, akiona mikono juu na kinywa wazi ataona nini kingine? Akamwekea Lusia mkono kichwani akambariki. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi na maneno tayari mdomoni, lakini nilimtazama Klementi, na Klementi alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayeomba asivuliwe nguo mbele ya wageni. Nikampakulia katekista ugali.

Kisha ikaja barua yako. Umesema Mama alilia kwa furaha, na amemwambia kila anayepita barabarani. Umesema masista wanataka kumwona mtoto. Ukaandika kwa mkono wako, "Marta, nilidhani machimbo yatamharibu, kumbe umemlea kuliko sisi tunaosikia kengele ya misheni kila siku." Niliisoma sentensi hiyo nikataka kuutupa mwandiko wako jikoni. Usikasirike. Ungekuwa mimi ungetaka vivyo hivyo.

Sikiliza basi ukweli. Klementi anafanya kazi kwenye kinu kinachosaga mawe. Mawe yakisagwa, dhahabu yake ni chembe ndogo, inaweza kukaa chini ya ukucha, katikati ya nywele, ndani ya jino bovu. Kwa hiyo watu wa kinu hawatoki hivi hivi. Jioni kengele ikigongwa wanapanga mstari langoni na kupekuliwa mmoja mmoja. Unainua mikono. Unatikisa kichwa. Unafungua kinywa, unainua ulimi, mpekuzi anachungulia. Akisema "Pita," unapita. Mume wangu amefanya hivyo kila jioni ya kazi tangu tufike, mtu ambaye kwetu alikuwa akisimama kusema barazani wazee wananyamaza.

Na watoto wa kambi, starehe yao ya jioni ni kwenda langoni kuwangoja baba zao. Mimi mwenyewe nilikuwa namtuma Lusia, nipate kupika bila maswali. Anakaa juu ya gogo nje ya uzio pamoja na wenzake, anatazama.

Mwanzoni nilicheka, sitakuficha. Siku moja alimkamata kuku wangu, akambana kwapani, akamfungua mdomo na kuchungulia ndani kwa makini kweli kweli. "Pita," akamwambia, na kuku akakimbia kwa hasira akipiga kelele kambi nzima. Jirani yangu Mama Kulwa, Msukuma mmoja mnene mwenye roho safi, alicheka mpaka akashika ukuta. Tukawa tunasimuliana kisimani. Tulikuwa wapumbavu.

Kisha ukaanza mchezo wenyewe. Watoto wanachora lango ardhini kwa kijiti, mmoja anakuwa mpekuzi, wengine wanapanga mstari. Mpekuzi wa kweli ni mzee wa Tabora, askari wa zamani, na watu wamempa jina la Bwana Fungua, kwa kuwa siku nzima hana neno jingine. Watoto wote wanagombania kuwa Bwana Fungua. Ndiye mkubwa, ana fimbo, anapaza sauti. Lusia peke yake hagombanii. Kila siku anataka kuwa mwenye kupekuliwa.

"Mbona wewe hutaki kuwa Bwana Fungua?" nikamwuliza.

Akanitazama kama niliyeuliza upuuzi. "Mimi ni kama Baba," akasema. "Baba anajua kuinua ulimi kuliko wote. Haambiwi mara mbili."

Alisema hivyo kwa majivuno, Dada. Kama vile watoto wako wanavyosema baba yao anajua kupanda mti wa mzinga bila kung'atwa na nyuki. Klementi alikuwa ndani, akasikia. Hakutoka kula jioni ile.

Tangu hapo haikuwa mchezo tena. Mtu mzima yeyote akipaza sauti, mikono ya Lusia inakwenda juu. Akimaliza uji, kabla ya kuondoka jikoni, anainua ulimi nione. Baba yake akirudi, badala ya kumkimbilia kama zamani, anasimama mbele yake na kufungua kinywa. Klementi anamshika mikono anaishusha. "Shusha, mama. Hapa ni nyumbani." Lusia anashusha, na kesho yake anainua. Tulimzuia kwenda langoni, nikawa namfungia ndani jioni. Haikusaidia kitu. Alichokiona ameshakiona, amekihifadhi mwilini, na mwili hauna mlango wa kukitolea.

Najua utakachosema, maana nakujua tangu tunalala mkeka mmoja. Utasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kwa hiyo nimfundishe. Nimemfundisha. Nimemwambia mara nyingi mno, "Lusia, mkubwa akija, msichana anapiga magoti, anapiga makofi taratibu, anatoa salamu, mwangaluka." Maneno anayajua yote. Mwulize atakujibu bila kukosea, magoti namna gani, makofi namna gani, macho yatazame wapi. Akishamaliza kukujibu, mtu akipiga hodi, mikono juu.

Ilinichukua muda kuelewa, na aliyenifungua macho ni Mama Kulwa. Tulikuwa tunatwanga, nikamlalamikia. Akaweka mchi chini akaniuliza, "Na wewe mayo, mama wa watu, tangu uje hapa umempigia nani magoti?"

Nikafikiri. Sikumwona mtu. Huku hakuna Mama, hakuna shangazi, hakuna mama mkwe. Wanawake wa kambi tunatoka kila upande, tunasalimiana tumesimama, ndoo kichwani, kila mtu na haraka yake. Bwana mkubwa wa kinu akipita tunasimama kando ya njia na kutazama chini mpaka apite. Basi Lusia hajawahi kuyaona magoti yangu yakigusa ardhi kwa heshima ya mtu. Nilikuwa namfundisha kwa mdomo kitu ambacho mwili wangu umekiacha Ushirombo.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda mlangoni kwa Mama Kulwa, Lusia akiwa pembeni, nikapiga magoti vumbini na kumwamkia kama inavyopasa. Yeye ni mkubwa kwangu kidogo tu, akashtuka akafikiri nimefiwa. Nilipomweleza akaitikia vizuri na kunishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayo, wabeja," lakini kicheko kilikuwa kinamtoka puani. Niliendelea siku kadhaa. Lusia alitazama. Siku moja alikunja goti moja kidogo, nikamshukuru Mungu. Jioni ile ile nyapara akapita akimfokea mtu, na mikono ikaruka juu. Goti langu moja la asubuhi litashindana vipi na lango zima la jioni?

Utauliza kwa nini tusiondoke. Nilimwuliza Klementi hilo hilo.

"Tuondoke," nikamwambia. "Tubebe watoto twende."

"Twende wapi? Shamba letu limeachwa kwa mbung'o. Serikali imetuhamisha, unasahau?"

"Twende kwa Veronika."

"Na kipande changu?" akasema. Kipande ni ile kadi wanayotia alama kila siku ambayo mtu amefanya kazi, na mwenye kuondoka kabla ya mkataba wake kwisha anafuatwa na askari hadi kwao. Tumewaona waliorudishwa, wamefungwa kamba, wakapelekwa jela kwanza, kisha wakaletwa kuanza upya. Na siku ya ugonjwa haitiwi alama, na siku ya kukosana na nyapara haitiwi alama, kwa hiyo mwisho wa mkataba unasogea mbele kila tukiusogelea.

"Basi mimi na watoto twende," nikasema.

Nyumba hii tumepewa kwa kuwa ana mke. Nikiondoka wanampeleka bwenini kwa wasio na wake, na huko akikohoa watu watamrushia viatu. Lakini hakulitaja hilo. Alisema tu, "Ukienda, Marta, hapa nitabaki mtu wa kupekuliwa tu. Sitakuwa kitu kingine."

Niliolewa na mtu huyu mbele ya altare na nampenda, pamoja na ukaidi wake. Nikabaki.

Nilidhani tutavumilia hivyo hivyo mpaka mtoto akue aelewe. Lakini wiki iliyopita kitu kilipotea kwenye kinu, sijui nini, hatuambiwi, na asubuhi wakaja kupekua nyumba zetu. Walikuja askari na nyapara, na Bwana Fungua mbele. Mimi nilikuwa mlangoni, Petro mgongoni, Lusia kando yangu. Bwana Fungua akasimama mbele yangu, akafungua kinywa aseme neno.

Hakulisema. Mikono yangu ilikuwa juu tayari.

Sikuamua kuiinua, Dada, nakuapia kwa Mama Maria. Sikutishwa, sikusukumwa, hakuna aliyenigusa. Niliiona iko juu kama mikono ya mtu mwingine. Na kinywa changu kilikuwa wazi. Mimi sijawahi kupanga mstari ule hata siku moja. Nimeutazama tu kupitia uzio, nikienda kisimani, kama Lusia alivyoutazama.

"Mama Lusia," Bwana Fungua akasema, na yule mzee aliona haya, "sijakuambia kitu. Nataka kupita tu, nitazame ndani."

Hapo nikasikia sauti ndogo chini yangu. Lusia alikuwa amesimama mikono juu kama mimi, ameinua uso ananitazama, ananihurumia kwa kuwa nilikuwa nakosea.

"Ulimi, Mama," akaninong'oneza. "Hujainua ulimi."

Nikainua ulimi. Mwanangu aliniambia niinue ulimi, na mimi nikauinua, mbele yake, na akatikisa kichwa kukubali kwamba sasa ni sawa.

Hawakupata kitu nyumbani, wala hakukuwa na kitu. Bwana Fungua alirudi jioni peke yake kuniomba radhi. Ningependa kumchukia, ingenisaidia, lakini mzee yule ni mpole. "Usidhani mimi ni huru," akaniambia. "Wakimaliza kutoka wote, kuna mwingine ananipekua mimi. Na wajukuu zangu nimewaacha Tabora, wasinione." Neno hilo la mwisho ndilo lililonikata maini. Yeye aliyeshika fimbo amejua kuwaficha wajukuu zake, na mimi nilikuwa nampeleka wangu gogoni kila jioni nipate kupika kwa raha.

Nilimwambia Klementi nataka Lusia aje kwako. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugombana. Aliuliza tu, "Na kule atamwona nani?" Nikamwambia atamwona Mama, atamwona Veronika, atamwona shemeji, atawaona watu wanaoingia na kutoka nyumbani kwao kama watu. Akasema, "Basi aende." Kisha akasema, "Asisahau uso wangu, lakini." Mwanamume akisema neno kama hilo, wewe unatazama pembeni umwachie nafasi.

Leo asubuhi tukamsindikiza. Mwenye kutoka kambini na mzigo anapita lango lile lile na anapekuliwa, mke, mtoto, yeyote. Jana nilikuwa nimekwenda kumwomba Bwana Fungua amwache mtoto apite bila kumgusa, na akanikubalia. Nilitaka atoke katika mahali hapa angalau mara moja bila kuinua mikono. Punda wakapita, wakachunguliwa mizigo, Mzee Salumu akapita, Bi Zena akapita. Ikawa zamu ya Lusia, na nguo zake kwenye kifurushi kichwani. Bwana Fungua akageuza uso pembeni kama tulivyopatana, akasema kwa upole, "Pita, mjukuu wangu. Nenda salama."

Lusia hakupita.

Aliweka kifurushi chini. Akainua mikono, akarudisha kichwa nyuma, akafungua kinywa. Lango liko wazi, Bi Zena yuko upande wa pili anamwita kwa mkono, na yeye amesimama anangoja. Klementi akamwambia, "Nenda, mama, umeruhusiwa." Hakusogea. Nikamwambia mimi. Hakusogea. Machozi yakaanza kumtoka na kinywa bado kiko wazi, kwa kuwa siku yake ya kupita lango la baba yake ilikuwa imefika na watu wanataka kumnyima.

Mwishowe Bwana Fungua akanitazama, na mimi nikainamisha kichwa. Yule mzee akaja, akainama mbele ya mtoto, akachungulia kinywani mwake kwa makini, akatia kidole nyuma ya masikio yake. "Safi," akasema. "Hakuna aliyeinua ulimi vizuri hivi. Pita."

Uso wa mtoto ulivyong'aa, Dada, sijawahi kuuona hivyo hata siku ya ubatizo. Akachukua kifurushi chake akapita. Mimi nilisimama kwenye uzio nikingoja ageuke anipungie mkono. Bi Zena alimwambia ageuke, nilimwona akimwambia. Lakini hapa aliyekwisha kupekuliwa hageuki nyuma, anayegeuka wanadhani kuna kitu alichoangusha, na Lusia analijua hilo vizuri. Alikwenda moja kwa moja, shingo imenyooka, mpaka wakapinda kule kwenye miti.

Klementi alirudi nyumbani akalala kitandani na viatu. Mimi nimekaa kuandika. Petro yuko miguuni pangu, anakichezea kikombe cha Lusia, na tangu asubuhi ananitazama kila ninachofanya. Zamani sikuwa naona jinsi watoto wanavyotazama. Sasa sitembei hata hatua moja humu ndani bila kujihisi nimetazamwa.

Basi umeshajua. Hakuna mtakatifu mdogo anayekuja kwenu. Masista waambie upendavyo. Mama umwambie au usimwambie, nimekuachia wewe, maana furaha yake ni kubwa na mimi sina moyo wa kuivunja kwa karatasi. Ukisema humtaki mtoto wa namna hii, umrudishe na Mzee Salumu anapogeuza, sitakuwa na kinyongo. Hapana, naongopa, nitakuwa nacho mpaka nife. Mpokee.

Na usimfundishe kitu, Dada. Wewe unapenda kufundisha, hata ndege unawafundisha kulia. Safari hii ufunge mdomo. Piga tu magoti mbele ya Mama kila asubuhi, hata kama umechoka, hata kama mmegombana jana. Shemeji aingie nyumbani kwake bila kuulizwa alikotoka. Watoto wako wale chakula wakiwa wametawanyika, wakicheka. Lusia atakaa kwenye kona atatazama. Mwache atazame, muda wowote atakaotaka.

Nisalimie Mama mzazi wetu, umwambie naomba sala zake na asiache kupaka ule mguu dawa. Nisalimie shemeji, mwenye nyumba na mzinga. Nisalimie Yosefu, mwanangu mkubwa, umwambie kaka ndiye wa kumwonyesha dada yake mdogo njia ya kisimani. Nisalimie shangazi yetu aliyeolewa kwa Wazinza, na mjomba mwenye fundo la ugoro. Katekista Gabrieli nisalimie pia, kwa heshima zote, na usimwambie lolote, kwani baraka aliyompa mtoto ilikuwa ya kweli hata kama sababu haikuwa ya kweli. Klementi anawasalimu. Yuko macho, ingawa amefumba macho.

Lusia akifika, ataogopa sauti ya shemeji, au mlango wenu, au wewe mwenyewe ukimwita kwa furaha. Atasimama mbele yako na kuinua mikono. Usishangae, usilie, usimwambie ashushe. Sisi tulimwambia ashushe kila siku. Wewe mbebe.

Ni mimi mdogo wako niliyebaki huku ndani,
Marta, Mama Lusia